Nilichemsha kwatzi kwenye sufuria ya wali

Mi ni mama lishe, napika kwenye machimbo upande wa Ruangwa huku Lindi, huu mwaka wa sita. Naandika hii manake juzi kuna binti yuko Nachingwea alinitumia picha za mawe yake, kayasugua na stiluwaya mpaka yanameta, ananiuliza shangazi haya naweza kuuza bei gani. Nilikaa na simu mkononi nikashindwa kumjibu kwa sababu nilijiona mimi mwenyewe miaka ile. Nikamwambia subiri ntakuandikia yote, na usiguse tena hayo mawe hata kwa kitambaa.

Kwa wasiojua huku kwetu, watu wanachimba dhahabu na wengine wanafuata ganeti ya kijani, kito cha thamani, ile wenyewe wanaiita kijani tu. Kijani inakaa kwenye mwamba wenye kinywe, ule mweusi ukiushika mkono unakuwa kama umeponda penseli, na mara nyingi humo humo kuna kwatzi, nyeupe au safi kama maji. Sasa fundi, yaani mchimbaji, anatafuta kijani, kwatzi kwake ni kama pumba, inatupwa kwenye kifusi, watoto wanaokota wanaangulia maembe. Kweli kabisa. Nimeona kwa macho yangu jiwe lenye ncha sita sita limerushwa kwenye mwembe.

Mimi duarani, yaani kwenye shimo la kuchimbia, siingii. Wana miiko yao kule, mwanamke akisogea kwenye mdomo wa duara wanasema jiwe linakimbia, na sijawahi kubishana nao kwa sababu ndo wateja wangu na ugali wangu wanaula. Kwa hiyo haya yote nimejifunza nikiwa jikoni. Na mengi nimeyajifunza kwa kuharibu.

Ilianza na daftari la madeni. Masika yale mvua ilipiga sana, maduara yakajaa maji, watu wakakaa wiki tatu hawachimbi ila tumbo halijui mvua. Sahani nilikuwa nauza 2,500, ugali na samaki au wali maharage, nikawa naandika tu, naandika tu, mpaka kijana mmoja na wenzie wawili tu wakafika 186,000. Siku moja akaja na ndoo ya rangi imejaa mawe, akaniambia "Mama, shika haya kwanza, nikipata kijani nakuja kuyakomboa." Baada ya siku nne nikasikia kuna rashi imetokea huko mbele, yaani watu wanakimbilia machimbo mapya, amepanda bodaboda usiku kaondoka na hajarudi mpaka leo. Nikabaki na ndoo.

Mume wangu alicheka mpaka akakaa chini. Akasema wenzio wanawekewa rehani redio, we umewekewa kokoto.

Nikaja kuyaangalia vizuri. Yalikuwa mazuri jamani. Mengine yamesimama kwenye jiwe mama, ule mwamba yalipoota, kama meno, kila moja lina pande sita na juu limechongoka kama paa la msonge, mengine yana vimistari vyeusi ndani kama nywele, moja lilikuwa na vibonge vyeupe pembeni vilivyokaa kama sukari ya mawe. Na moja, hili ntalirudia manake mpaka leo linaniuma, lilikuwa na kwatzi na pembeni yake kidonge cha kijani kimejishika kwenye mwamba mweusi.

Kosa la kwanza nililifanya ndani ya wiki hiyo hiyo. Alipita broka mmoja ananunua vitu vidogo vidogo, akaangalia ndoo akasema kwatzi haina soko mama ila ntakusaidia, 1,500 kwa kilo. Nikampimia kilo 14, akanipa 21,000 na mimi nikashukuru, nikasema angalau mkaa wa wiki. Akachagua mwenyewe. Hapo ningejiuliza tu, mtu anayesema kitu hakina soko anakaa saa nzima kwenye jua anachagua kimoja kimoja anafunga kwenye gazeti, anafunga nini? Nilikuja kujua baadaye sana kwamba jiwe lenye umbo lake la asili haliuzwi kwa kilo. Kwa kilo yanauzwa yale yaliyovunjika ya kusaga au ya kuchonga shanga. Lililokamilika linauzwa kama lilivyo, moja moja, na bei inategemea ncha haijavunjika, linang'aa kiasi gani, limekaaje kwenye jiwe mama, na limetoka wapi. Watu wa nje wanayaweka kabatini kuyaangalia, hawavai. Tena jiwe la gramu 80 lenye ncha nzima linaweza kupita la kilo tano lililogongwa.

Sikulijua hilo, ila nilichojua ni kwamba yaliyobaki ni machafu, yana udongo mwekundu na kutu ya njano, nikasema ngoja niyasafishe yapendeze yapate bei. Ndo nikayachemsha. Sufuria ile ile ya wali, sabuni ya unga, nikawasha kuni. Yalipochemka vizuri nikayatoa na kijiko nikayatia kwenye beseni la maji ya kisimani. Nilisikia tii, tii, kama bati likipoa jioni. Nilipoyatoa yalikuwa na nyufa ndani, zile zinazong'aa kama upinde wa mvua, na mawili yalikatika ncha kabisa. Vipande tisa niliua siku hiyo kwa moto na maji baridi. Kumbe hata bila maji baridi, kwatzi nyingi zina vitone vya maji vilivyofungiwa ndani tangu zinakua, ukizipasha vinavimba na vinaweza kupasua jiwe kutokea ndani. Mpaka leo nikipita pale kwenye mafiga nakumbuka ule mlio.

Sikukoma. Lile lenye vibonge vyeupe nikaona lina madoa, nikalikamulia ndimu. Likaanza kutoa mapovu madogo madogo, mi nikafurahi nikajua uchafu unatoka, nikaongeza ndimu tatu nikaliacha usiku kucha. Asubuhi vibonge vimekuwa kama chaki, vimefifia, kingo zimelika. Ile haikuwa kwatzi, ilikuwa kalsaiti, madini mengine laini, imeota juu ya kwatzi, na kalsaiti inaliwa na kitu chochote kikali, ndimu, siki, maji ya betri, vyote. Kwatzi yenyewe ndimu haiifanyi kitu. Kwa hiyo ukiona jiwe lina kitu cheupe usichokijua, tonesha tone moja la siki au ndimu sehemu ya nyuma isiyoonekana, likitoa povu acha, osha kwa maji tu. Tone moja. Siyo ndimu nne kama mimi.

Sasa la kijani. Fundi mmoja mzoefu alikuja kula akaliona pale dirishani akasema mama hiyo kijani nikutolee, ukiacha humo kwenye mwamba nani atanunua mwamba. Nikampa. Akachukua nyundo na tindo, akagonga mara tatu, kijani ikatoka vipande vinne, kimoja tu ndo kilikuwa na maana. Tukakiuza 60,000 tukagawana. Alikuwa ananisaidia kweli, sina kinyongo naye, huku ndo tunavyofanya, kijani inauzwa kwa gramu na kwa usafi wake, mwamba ni takataka. Lakini nilikuwa nimelipiga picha kabla, na ile picha nilikuja kumwonesha mtu mmoja ntakayemtaja, akaitazama akaikuza kwa vidole, akaniuliza "Kwa nini mliivunja?" Hakunitajia bei, na mi sikumuuliza.

Hapo katikati nikapatwa na tamaa, hii sehemu naona aibu kuiandika ila ntaiandika. Nilishasikia kwamba kuna watu wanalipa vizuri, nikasema sasa nianze kununua. Nikachukua 250,000 za kikoba, nikawaambia wenzangu ni za mtaji wa mchele. Kuna jamaa alikuja na mawe ya zambarau, amethisti, mazuri yanavutia, nikampa 120,000 kwa vipande vitano. Nikamuuliza yametoka wapi akasema "huko huko porini". Nikaona sawa, pori ni pori. Nikayapanga juu ya ukuta wa banda langu wateja wayaone, jua la Lindi mnalijua, asubuhi mpaka jioni. Baada ya miezi kadhaa upande uliokuwa unatazama jua ulikuwa umepauka kama kanga iliyofuliwa miaka kumi. Ile zambarau inatokana na chuma kidogo kilichomo ndani na mionzi ya asili ya miambani iliyoipiga kwa muda mrefu mno, na jua linaweza kuirudisha nyuma. Ukiichoma ndo kabisa, inageuka njano, na wapo wanaoichoma makusudi wanakuuzia njano kama jiwe jingine. Amethisti weka ndani, gizani, kwenye boksi.

Zilizobaki nikanunua "akwamarini" moja ya 130,000, kubwa, samawati ya bahari, safi haina hata kovu. Ilikuwa chupa. Kioo kimeyeyushwa kikachongwa pande sita. Nilikaa nayo mwezi nikiifunga kwenye kitambaa cha hariri kama mtoto mchanga, hiyo naicheka mwenyewe sa hivi.

Jinsi ya kujua, hizi nimefundishwa baadaye. Kwatzi ya asili ukiitazama ubavuni ina mistari myembamba iliyolala kukatiza upana wa jiwe, kama ngazi, ukipitisha ukucha utaisikia. Pande zake hazilingani, moja pana moja nyembamba, kiwandani ndo wanazilinganisha. Ukichungulia kwa lupu, kile kioo kidogo cha kukuzia, ya mara 10 ukaona viputo vya duara kama vya soda, hicho ni kioo. Ukiweka jiwe shavuni kwatzi inabaki ya baridi muda mrefu, kioo kinapata joto haraka. Kwatzi inakwaruza chupa, ugumu wake ni 7 na chupa ni chini ya hapo, ila jamani usikwaruze kwa ncha ya jiwe unalotaka kuuza, tumia kipande kilichovunjika cha aina ile ile. Na ukiambiwa topazi, lipime mkononi, topazi inalemea kuliko kwatzi ya ukubwa huo huo, ukilizoea hilo hupigwi tena. Lupu yenyewe nilinunua baada ya kupigwa, ndo ilivyo, mtu ananunua kufuli mwizi akishaondoka.

Kosa kubwa kuliko yote lilikuwa la safari. Nilikuwa nadaiwa na kikoba, siku ya kurudisha inakaribia, nikamsikia mtu anasema Dar kuna Wachina na Wahindi wananunua kwatzi. Nikachukua mawe yangu yote mazuri, kilo 31, nikayatia kwenye gunia la korosho na nguo kuukuu, bodaboda mpaka Nanganga, nikapanda basi. Kabla hatujafika Nangurukuru tukasimamishwa, mizigo ikakaguliwa, gunia langu likafunguliwa.

"Mama haya ni nini?"
"Mawe."
"Mawe ya nini?"
"Ya mapambo."
"Leseni yako ya kununua madini iko wapi? Karatasi za soko ziko wapi?"

Sikuwa na leseni, sikuwa na karatasi, sikujua hata kwamba zinatakiwa. Mi nilijua madini ni dhahabu na almasi, kumbe hata kwatzi ya kifusi ni madini. Tangu 2019 serikali ilivyofungua masoko ya madini, mawe yanatakiwa yapite sokoni, yapimwe, yalipiwe, upewe karatasi, ndo yasafiri. Anayechimba awe na leseni, anayenunua na kuuza awe na leseni ya broka, yaani dalali, au ya dila, yule mnunuzi mkubwa. Mimi nilikuwa mtu wa katikati asiye na chochote, nina gunia. Mawe yalizuiliwa, mi nikaandika maelezo, nikalala kwa ndugu wa abiria mmoja aliyenionea huruma, kesho yake nikarudi mikono mitupu. Sikutukanwa wala sikupigwa, nasema ukweli. Nililia ndani ya basi mpaka mama mmoja wa Kilwa akanipa chungwa akidhani nimefiwa.

Deni la kikoba nilikuja kulimaliza kwa kuuza mbuzi wawili na kumwambia mwenyekiti ukweli wote. Alininyamazia muda halafu akasema "Mwenzetu ungetuambia mawe, tungekukatalia mapema." Kweli wangenikatalia.

Sasa yule mtu niliyesema ntamtaja. Kuna mzee mstaafu, zamani alikuwa mtu wa jiolojia, alikuja huku na watu wa kupima kinywe akawa anakula kwangu mwezi mzima, anapenda sana mboga ya kisamvu na nazi. Siku moja aliona vipande viwili vilivyobaki nyumbani, vile vibovu vya nyufa, akaviinua akaniuliza nani kavipika. Hakusema kavunja, alisema kavipika. Nikajua huyu anajua. Nikamwambia shikamoo baba, kaa hapa, leo hulipi.

Huyo ndo alinifungua macho. Aliniambia huko Ulaya na Marekani kuna maonyesho watu wanakwenda kwa ajili ya mawe tu, Tucson kule Arizona mwishoni mwa Januari na Februari, Sainte-Marie-aux-Mines Ufaransa mwezi wa sita, Munich Ujerumani mwezi wa kumi, na mnunuzi wa Arusha anayekuja huku anahesabu miezi kwa hayo maonyesho, kwa hiyo ukimpigia mwezi wa tatu usishangae akikujibu kivivu. Akaniambia jiwe la mkusanyaji halitakiwi kutolewa kwenye mwamba wake. Kwatzi ikiwa na kijani, ikiwa na kinywe, ikiwa na ulanga, ule unaometa na kubanduka magamba magamba, ikiwa na tomalini nyeusi, hao ni ndugu wamezaliwa pamoja, ukiwatenganisha umeua nusu ya thamani. Vile vimistari vyeusi kama nywele nilivyoviona vilikuwa tomalini, na vipo vya rangi ya dhahabu vinaitwa rutili, hivyo ndo vinafanya kwatzi ya kawaida ipande bei.

Alafu akaniuliza swali lililonishangaza, "Karatasi zake ziko wapi?" Nikadhani anaongelea leseni tena, moyo ukapiga. Akasema hapana, karatasi ya jiwe. Limetoka kijiji gani, duara gani, futi ngapi, mwezi gani, lilikuwa na nini pembeni. Akasema jiwe lisilo na karatasi ni yatima, zuri lakini hulijui ukoo. Akaniuliza unaijua Tendaguru? Nikamwambia naijua baba, iko hapo hapo Lindi, palichimbwa mifupa ya yale mijusi mikubwa. Akasema Wajerumani walichimba kuanzia 1909 mpaka 1913, wazee wetu wakaibeba mabegani mpaka bandari ya Lindi, zaidi ya tani 200, na ukienda Berlin leo mmoja amesimama una urefu wa mita 13 na zaidi kwenda juu. Sasa unadhani waliwezaje kuupanga? Kila mfupa uliandikwa umetoka shimo gani. Ule mzigo ukifika Berlin bila maandishi ni kuni tu. Mimi nilikuwa nawaza wazee waliobeba, na sidhani kama majina yao yaliandikwa kwa uangalifu ule ule, lakini nilimwelewa. Na zile amethisti zangu za "huko huko porini" zikanijia kichwani. Mpaka leo sijui ni za wapi, na kila mnunuzi akiuliza nasema sijui, anarudisha mkono.

Basi nikaanza upya, taratibu. Kwanza nikaenda kwa mwenye leseni wa pale ninapopikia, leseni ndogo ya uchimbaji, ile ya miaka 7 wanayopewa Watanzania tu, nikamwambia kwatzi unazitupa, tukubaliane, mafundi wazitoe vizuri, mi nazisafisha na kuzifunga na kuziandikia, wewe unazipeleka sokoni kwa leseni yako, makato ya soko yatoke kwanza, kitakachobaki nusu yangu na nusu ya duara. Akacheka kama mume wangu alivyocheka. Ila akakubali manake haikumgharimu kitu.

Mafundi ndo walikuwa kazi. Nilikuwa nawaambia wakati wa kula, kila siku, mpaka wakanipa jina la Mama Kwatzi. Mkifika kwenye mfuko, pale mwamba unapofunguka unakuta udongo laini umejaa, acheni tindo, acheni nyundo, tumieni mikono na kijiti cha mti au mwanzi. Udongo wake usiutoe, ndo pamba yake, leta jiwe na udongo wake. Likitoka chini usiliweke juani, liache kivulini lipate joto polepole, mengine yanapasuka yenyewe kwa kutolewa kwenye ubaridi wa futi 30 mpaka kwenye jua la saa saba. Na yanayogusana yafunge moja moja, kwatzi inakwaruza kwatzi, ncha ikigongana na ncha zote mbili zimekwisha.

Na la vumbi, hili naliweka hapa ingawa siyo la biashara. Ukitoboa au kuponda kwatzi kavu lile vumbi jeupe linaingia mapafuni na halitoki. Nina wateja wawili walianza na kikohozi wakasema TB, wakapewa dawa za TB, na kifua bado. Lowanisha mwamba kabla ya kugonga, na funga kitu cha maana mdomoni, siyo ile fulana iliyotoboka.

Kusafisha sasa hivi nafanya hivi. Naloweka kwenye maji ya kawaida yenye sabuni ya vyombo kidogo, siku tatu nne, nabadilisha maji, alafu mswaki laini na kijiti cha mchongoma kwenye kona. Chuma hakigusi jiwe langu, stiluwaya na brashi ya waya vinaacha michirizi ya kijivu, na kwenye kalsaiti ndo unaharibu kabisa. Kutu ya njano isiyotoka kwa sabuni inatolewa na asidi ya oksaliki, ni unga mweupe unauzwa kwenye maduka ya kemikali, mafundi seremala wanautumia kung'arisha mbao. Ni sumu. Ndoo ya plastiki ya peke yake, siyo ya jikoni, nimeiandika SUMU kwa rangi nyekundu, glavu mkononi, nje kwenye upepo, mbali na watoto na kuku, na jiwe lisiwe na kalsaiti. Baada ya hapo naloweka maji safi siku nyingi kama nilizoloweka kwenye dawa. Kuna mtu aliniambia ipo asidi nyingine inakula hata kioo na kwatzi yenyewe inaipunguza, mzee alinikataza hata kuitaja mbele ya mafundi, akasema ile ikikudondokea inapita nyama inafika mfupani.

Kufunga, tishu kwanza, alafu gazeti, alafu boksi lenye maranda. Gunia la korosho ni la korosho.

Kuna wateja pia wanataka jiwe kwa ajili ya nguvu, wanasema linatoa presha na mikosi. Mi siwauzii maneno. Ukitaka kulinunua kwa uzuri wake karibu, ukitaka kuliloweka kwenye maji ya kunywa sikushauri, hujui limekaa na madini gani pembeni.

Mauzo ya kwanza halali yalikuwa vipande 7. Yule mwenye leseni alivipeleka sokoni Ruangwa, mimi nikamsindikiza nimevaa kitenge changu kipya kama naenda harusini, mnunuzi mwenye leseni kubwa kutoka Arusha alikuwepo, akavipanga mezani akasoma karatasi zangu moja moja. Akauliza nani kaandika. Vikaenda kwa 640,000 vyote, kimoja tu kikiwa 250,000 kwa sababu kilikuwa na kinywe na punje ya kijani imekaa haijaguswa. Vikahesabiwa kama vito ghafi, mrabaha, ile sehemu ya serikali kwenye madini, asilimia 6 na ukaguzi asilimia 1 ikawa 44,800, ushuru wa huduma asilimia 0.3 ikawa 1,920. Ikabaki 593,280, nusu yangu 296,640. Ukitoa dawa, maboksi, nauli na miezi mitano ya mswaki siyo utajiri huo, wali unanilipa zaidi. Na ukinijumlishia kikoba, mbuzi wawili na zile kilo 31 bado sijarudisha hela yangu, binti wa Nachingwea naomba hapo usome mara mbili.

Kupeleka nje mwenyewe kwa kifurushi usijaribu. Madini kwenda nje ya nchi lazima kibali, hata likiwa moja la zawadi kwa rafiki, na mnunuzi anayekwambia "we tuma tu andika ni souvenia" hatakuwepo siku ukihojiwa.

Mawe yako uliyoyasugua usiyatupe. Tenga yenye ncha nzima, angalia kama kuna lililobaki kwenye jiwe mama, na umuulize aliyekupa yametoka duara lipi kabla hajaondoka kwenda rashi nyingine. Ukitaka kuyauza mtafute kwanza mwenye leseni wa hapo ulipo. Mimi daftari langu bado lipo lile lile, nimeongeza mstari upande wa kulia tu. Jana nimeandika: fundi Kofia, wali maharage 3, chai 2, deni 8,500. Jiwe 1, duara la pili, futi 22, lina ulanga, udongo haujatolewa.